QGIS inaanguka ikifunguliwa: zima plagini kabla hujafikiria kufomati

Suala

Assalaam alaykum mwalimu. Niko Wete, nachora ramani za mashamba ya mikarafuu kwa QGIS. Tangu wiki iliyopita nikiifungua inaleta ile picha ya mwanzo, inasomasoma kidogo, kisha inatoweka. Mara nyengine inaleta kidirisha cha kusema imeanguka. Nimeshaitoa na kuiweka upya mara mbili, bando limekwisha na tatizo liko pale pale. Plagini ninazo zipata ishirini. Mwenzangu ananambia nifomati laptop. Nifanye nini, na ramani zangu zitapona?

Jibu

Waalaykum salaam, mwanangu. Usifomati laptop, na usiiweke QGIS upya kwa mara ya tatu. Kwa dalili ulizozitaja, kinachoshukiwa zaidi ni plagini, yaani kitu kilichoongezwa juu ya programu ili kuipa zana zaidi, na kitu hicho hakiondoki kwa njia uliyotumia.

Kwanza nikutoe hofu ya ramani. QGIS haiweki data ndani yake. Faili la mradi, lile linaloishia na .qgz, limebeba maelezo tu: tabaka zipi zimo, zina rangi gani, zinatoka folda gani. Mashamba yenyewe yamo kwenye GeoPackage au shapefile zako, yaani mafaili ya data ya ramani, na programu kushindwa kufunguka hakuyafuti. Ila kuna jambo moja nakuomba ulitizame kwa makini kabla hujagusa chochote. Fungua folda ya data yako. Pembeni ya faili kama mikarafuu_wete.gpkg huenda ukakuta mawili mengine yenye jina lile lile, moja linaishia na -wal na jengine -shm. Watu huyaona haya wakadhani ni takataka iliyoachwa na programu ilipoanguka, wakayafuta. Usiyafute. GeoPackage ni hifadhidata ya SQLite, na QGIS ikiifungua huandika mabadiliko kwanza kwenye hilo faili la -wal, ndipo baadaye yahamie kwenye faili kuu. Programu ikifungwa vizuri, mafaili hayo huondoka yenyewe. Ikianguka hubaki, na ndani ya -wal huenda yamo mashamba uliyoyachora na kuyahifadhi siku ya mwisho. Nakili yote matatu kwa pamoja kwenye flashi, kisha ndipo tuendelee.

Sasa kwa nini kuiweka upya hakukukusaidia. Kwenye Windows, QGIS inakaa mahali pawili. Programu yenyewe imo ndani ya Program Files. Plagini ulizopakua, vitufe ulivyovipanga na mipangilio yako yote vimo katika wasifu wako, nao uko kwengine kabisa:

%APPDATA%\QGIS\QGIS3\profiles\default

Ukiitoa QGIS, Windows hufuta sehemu ya kwanza tu. Wasifu unabaki kama ulivyokuwa. Ukishaweka programu mpya na kuifungua, inakwenda moja kwa moja kwenye wasifu ule ule, inasoma orodha ile ile ya plagini, inaanza kuzipakia, inaanguka pale pale. Kwa hiyo ulilipia kupakua faili la gigabaiti 1 hivi ili kubadilisha sehemu ambayo pengine haikuwa mbovu. Ushauri wa "itoe uiweke tena" unatolewa kila pahala, na kwa tatizo la namna hii unamgharimu mtu pesa na siku yake ya kazi bila ya kumsogeza hata hatua moja.

Fundi umeme akiitwa nyumba ambayo swichi kuu inaruka kila ikiwashwa, havunji kuta. Anazima njia zote, anawasha swichi kuu peke yake, ikikaa anarudisha njia moja moja mpaka aione ile inayoiangusha. Nasi tutakwenda hivyo hivyo.

Anza kwa kusoma ile picha ya mwanzo, kwa sababu chini yake panapita maneno, na maneno hayo ndiyo ushahidi wako wa kwanza. Yanapita haraka, basi ichukulie video kwa simu kisha isimamishe pale inapotoweka. Utaona QGIS inasema inasoma mipangilio, inatengeneza dirisha, halafu "Starting Python", halafu "Restoring loaded plugins", na mwisho "QGIS Ready!". Ikiwa maneno ya mwisho kabla ya kutoweka ni "Restoring loaded plugins", basi plagini ndiyo mtuhumiwa mkuu. Ikizimika mapema zaidi, kwenye "Starting Python" au kabla yake, huenda plagini hazina hatia, na nitakueleza chini pa kutizama. Ikiwa inafika mwisho, dirisha linafunguka zima, kisha inakufa baada ya sekunde chache, hilo nalo lina sababu zake.

Kisha ifungue bila ya plagini. Kwenye menyu ya Start, ndani ya folda ya QGIS, kuna kitu kinaitwa OSGeo4W Shell. Kifungue, uandike:

qgis-ltr --noplugins

Hiyo ni kwa toleo la usaidizi wa muda mrefu, LTR. Kama toleo lako ni la kawaida, andika qgis badala ya qgis-ltr. Zingatia ile nafasi kabla ya vistari viwili. Kama hupendi dirisha jeusi, bonyeza kulia aikoni ya QGIS, chagua Properties, na kwenye Target nenda mwisho kabisa, nje ya alama za kunukuu, acha nafasi, uandike --noplugins. Matokeo ni yale yale. Amri hii haifuti plagini wala haiharibu mipangilio. Inaiambia QGIS isizipakie wakati wa kufunguka tu, na bado utaziona kwenye orodha ya kusimamia plagini ukishaingia.

Ikifunguka, umeshajua mengi: programu ni nzima na laptop ni nzima. Kama una kazi ya kukabidhi leo, ifanye sasa hivi katika hali hii. Ramani itachorwa na itachapishwa. Utakosa tu zana zinazokuja na plagini, pamoja na lile sanduku la Processing, kwani nalo ni plagini ingawa linakuja na QGIS yenyewe.

Ikiwa bado inaanguka, jaribu wasifu mpya:

qgis-ltr --profile jaribio

Jina "jaribio" nimelibuni mimi. QGIS ikikuta hakuna wasifu wa jina hilo itautengeneza mpya, mtupu, bila ya plagini zako, bila ya mipangilio yako na bila ya mradi uliozoea kufunguka wenyewe. Ule wa zamani hauguswi. Ikifunguka hapa wakati ilikataa kwa --noplugins, basi kasoro imo ndani ya wasifu wako lakini si plagini. Mara nyingi ni faili la mipangilio, QGIS3.ini, lililomo ndani ya folda ya QGIS katika wasifu. Umeme ukikatika wakati programu inaandika faili hilo, linaweza kubaki nusu. Lipe jina jengine, QGIS3_zamani.ini, ufungue tena na QGIS itaandika jipya. Tizama pia kama kwenye folda ya python ya wasifu kuna faili liitwalo startup.py. Kila kilichoandikwa humo huendeshwa QGIS inapofunguka, hata plagini zikiwa zimezimwa, na walioachiwa kompyuta na mtu aliyewatangulia kazini mara nyingi hawajui kama faili hilo lipo.

Narudi kwenye hali ninayoiona ndiyo yako: bila plagini inafunguka, ikiwa na plagini inaanguka. Zipo ishirini. Yupi ndiye?

Kwanza nikueleze kitu kitakachokuokolea muda. Plagini nyingi za QGIS zimeandikwa kwa lugha ya Python, na kosa la kawaida la Python haliui programu. Utaletewa ujumbe wa kosa, plagini itakataa kufanya kazi, na QGIS itabaki wima. Ili QGIS nzima ianguke, lazima kitu kiguse tabaka la chini, lile lililoandikwa kwa C++, au maktaba, yaani fungu la msimbo ambalo programu huliazima, lililotengenezwa kwa lugha ya namna hiyo. Kwa hiyo ukipanga watuhumiwa wako, ile plagini ndogo inayoongeza kitufe cha kunakili koordineti iweke nyuma. Mbele weka zile nzito: zinazochakata picha za satelaiti, zinazotumia akili mnemba kutambua majengo au miti, zinazochora kwa 3D, na hasa zile ambazo ulipoziweka zilikuomba ruhusa ya kupakua maktaba za ziada.

Pili, tumia tarehe. Umesema tatizo limeanza wiki iliyopita. Bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika %APPDATA%, ubonyeze Enter, kisha fuata njia QGIS, QGIS3, profiles, default, python, plugins. Kila plagini ina folda yake. Zipange kwa tarehe ya kubadilishwa na utizame ni zipi zilizoguswa karibu na siku tatizo lilipoanza. Kumbuka kwamba kusasisha nako ni kubadilisha: plagini uliyoizoea miaka miwili inaweza kuwa ndiyo, kwa sababu tu ulibonyeza "sasisha zote". Mimi huanza kwa tarehe kabla ya kitu chochote, na mara nyingi kazi huishia hapo.

Tarehe zisipokuonesha, gawa nusu. QGIS ikiwa imefungwa, tengeneza folda pembeni ya plugins, iite plugins_nje, uhamishie humo plagini kumi. Fungua QGIS kwa kawaida. Ikianguka, mbaya yumo kwenye kumi zilizobaki. Isipoanguka, yumo kwenye kumi ulizozitoa. Chukua lile kundi lenye mbaya, ligawe tena nusu, ufungue tena. Kwa plagini ishirini hutahitaji kufungua zaidi ya mara tano kumpata, wakati ukizijaribu moja moja unaweza kufika ishirini. Kuhamisha folda hakuna madhara: QGIS isipoikuta plagini inaendelea na safari, na ukiirudisha folda inaipakia kama zamani.

Hapa wengi huharibu kwa haraka. Wakiwa wanagawa nusu, wanasasisha QGIS hapo hapo, wanaweka kiendeshi kipya cha kadi ya michoro, wanafuta na QGIS3.ini kwa tahadhari. Programu ikifunguka hawajui kilichoiponya, na mwezi ujao ikirudia wanaanza upya. Badilisha kitu kimoja, fungua, andika kwenye karatasi kilichotokea, kisha nenda kingine.

Huenda ukashangaa kwamba kila nusu ukiipima peke yake QGIS inafunguka, lakini ukizikusanya inaanguka. Hapo ujue ni plagini mbili zinazogombana, kawaida kwa sababu kila moja imeleta toleo lake la maktaba ile ile. Acha nusu moja yote ndani, rudisha ya pili moja moja, na ile itakayoangusha ni mmoja wa hao wawili.

Unaweza kuuliza, mbona QGIS haimkamati mbaya yenyewe? Inajaribu. Kabla ya kupakia kila plagini huweka alama kwenye mipangilio, na ikishamaliza kuipakia huifuta. Ikianguka katikati, alama inabaki, na safari inayofuata inakwambia kuwa plagini fulani itazimwa kwa sababu iliangusha QGIS mara iliyopita. Ukiwahi kuuona ujumbe huo, usiupite. Jina lililomo ndilo unalolitafuta. Lakini ulinzi huu unashika ile inayoua wakati wa kupakiwa tu. Iliyopakiwa salama kisha ikaanza kazi nyuma ya pazia na kuua sekunde kumi baadaye, alama yake imeshafutwa. Kwa hiyo ukiona kidirisha cha kuanguka, soma ripoti yake. Mtu asiyejua programu ataona maneno yasiyo na maana, lakini hutafuti zaidi ya kitu kimoja: njia ya folda yenye python\plugins na jina linalofuata.

Ukishampata, fungua folda yake usome faili la metadata.txt kwa Notepad. Mistari ya qgisMinimumVersion na qgisMaximumVersion inakwambia imetengenezwa kwa matoleo gani ya QGIS. Ikiwa toleo lako liko nje ya hapo, jibu umeshalipata. Ikiwa liko ndani, na iliharibika baada ya kusasishwa, rudi kwenye toleo lake la nyuma: kwenye plugins.qgis.org kila plagini ina ukurasa wa matoleo yake, unapakua faili la zip, na ndani ya QGIS unachagua kuiweka kutoka kwenye zip. Angalia pia mstari wa experimental. Ikiwa ni True, mwenyewe aliyeitengeneza anasema bado haijakomaa, na sioni sababu ya kuiweka kwenye mashine ya kazi za watu.

Sasa nieleze lile la maktaba, kwa sababu ndilo linalowachanganya hata mafundi. QGIS inakuja na Python yake na NumPy yake, ambayo ni maktaba ya mahesabu, zilizopimwa pamoja. Plagini ikikuomba kupakua maktaba, au ukifuata maelekezo ya kuandika pip install, maktaba hizo mara nyingi hukaa humu:

%APPDATA%\Python\Python3xx\site-packages

Zile xx ni namba za toleo la Python uliyonayo. Python inatizama folda hii kabla ya ile iliyokuja na QGIS. Ikikuta NumPy humo inachukua hiyo na kuiacha ya nyumbani. Tangu NumPy 2.0 ilipotoka Juni 2024, kosa hili limekuwa na madhara zaidi, kwani moduli zilizokusanywa kwa NumPy ya mfululizo wa 1 zinaweza kuanguka zikikutanishwa na ya 2. Hapo utaitoa plagini na tatizo litabaki, kwa sababu maktaba aliyoileta haikuondoka naye. Kipimo chake ni chepesi: ipe ile folda ya Python iliyo ndani ya %APPDATA% jina la Python_nje, ufungue QGIS. Ikipona, umempata. Hali hii ndiyo pia ninayoishuku pale QGIS inapozimika kwenye "Starting Python". Ndugu yake ni kigezo cha mazingira, yaani mpangilio wa Windows unaosomwa na programu zinapoanza, kiitwacho PYTHONHOME, ambacho programu nyengine ya ramani au ya takwimu inaweza kukiweka, kikaipeleka QGIS kwenye Python isiyo yake.

Na ile hali ya dirisha kufunguka kisha kufa? Nenda Settings, Options, sehemu ya General, utizame kama umeiambia QGIS ifungue mradi wa mwisho kila inapoanza. Hapa kwetu wengi wana mradi wenye picha za droni, zikiwemo zile za Zanzibar Mapping Initiative iliyoanza 2016, na picha za namna hiyo ni nzito. Laptop yenye RAM ndogo inaweza kulemewa na mradi, lawama zikaangukia plagini. Chagua ianze na ukurasa wa kukaribisha, kisha fungua mradi kwa mkono uone.

Ukishapona, usizirudishe plagini zote ishirini. Rudisha zile unazozitumia kila wiki, nazo nadhani hazitafika sita. Zile za majaribio ziwekee wasifu wao, hata huo huo wa "jaribio", ili ukitaka kujifunza kitu kipya usiihatarishe kazi ya mkulima anayesubiri ramani ya shamba lake. Na kabla ya kusasisha chochote, nakili folda nzima ya default kwenye flashi. Siku ikiharibika unairudisha bila ya kutumia bando.

Njia hii haikuishia kwa QGIS. LibreOffice ina hali salama tangu toleo la 5.3 la mwaka 2017, unaifungua kwa soffice --safe-mode. Word inaanza bila ya viongezeo ukishikilia Ctrl wakati wa kuifungua, na Firefox ukishikilia Shift.

Ukishafanya yote haya na bado inakataa, niandikie tena, lakini nipe mambo haya ili nisikupotezee muda: toleo la QGIS na la Windows, maneno ya mwisho uliyoyaona kwenye picha ya mwanzo, ilivyokuwa kwa --noplugins, ilivyokuwa kwa wasifu mpya, na ilivyokuwa baada ya kuibadilisha jina folda ya Python. Ripoti ya kuanguka iambatishe nzima kama maandishi, usiipige picha, maana jina ninalolitafuta mara nyingi liko chini kabisa ambako picha haifiki.